Kiwanja cha Karibu na Bomba

Reli inaishia mjini kwetu Kigoma, na mimi niliona hiyo ni sababu tosha ya kutokwenda popote. Miaka ile wakimbizi wanavuka ziwa kwa maboti, mimi nilikuwa sebuleni Ujiji, najenga mji juu ya meza ya kulia ya mke wangu.

Reli niliitengeneza kwa spoki za baiskeli. Mabehewa yalikuwa viberiti, ziwa kipande cha turubai la bluu, na injini ya kusukuma treni ilikuwa kidole changu. Kwa elimu yangu ya kidato cha nne, nilichora ramani kwanza: stesheni, soko, msikiti, kanisa, bomba la maji. Kiwanja kizuri kuliko vyote, kando ya bomba, nikajigawia mwenyewe.

"Mheshimiwa Mkurugenzi," mke wangu akaniambia, "Ijumaa mji wako uhame. Naitaka meza yangu."

Sikumwambia kwamba reli nimeipigilia mezani kwa misumari.

Mabati yote ya mji yalitoka kwa mpangaji wetu wa chumba cha uani, mama fundi cherehani kutoka Burundi. Alikuwa akinikatia makopo ya mafuta ya msaada kwa mkasi wake mbovu; ule mzuri wa vitambaa hakuthubutu kuutumia. Jumatano akaja mikono mitupu. Wakimbizi wote wa mjini walikuwa wameamriwa kwenda kambini, na lori lake lilikuwa la kesho yake.

"Shemeji, nipe kiwanja kabla sijaondoka."

Nikampa cha ufukweni, kwa ukarimu mkubwa. "Hapa utaona ziwa lote."

"Ziwa nimelivuka, nalijua. Mimi nataka hapa." Akaweka kidole kwenye nyumba yangu, kando ya bomba. "Huko niendako wanasema maji yako mbali."

"Hicho kina mwenyewe."

"Mwenyewe ana nyumba ya kweli na hatoki hata mlangoni!" mke wangu akadakia kutoka jikoni.

Nikang'oa nyumba yangu, nikaihamishia nyuma ya stesheni, kwenye kelele. Mama fundi akaijenga yake mwenyewe, akakunja bati lililobaki kwa kidole gumba, mlango akauelekeza bombani.

"Ego," akasema kwa Kirundi chake, ndiyo. "Sasa nina kwangu."

Ijumaa mke wangu akasimama mbele ya meza, sahani mkononi. Mimi nikaanza kutafuta maneno ya kuungama ile misumari. Akautazama mji, akaitazama nyumba ya bombani.

"Tandika mkeka," akasema.

Nikatandika mbio, kabla hajainama akaiona misumari chini ya meza.