Rimu ya Mbele Kushoto

Ni mimi niliyemharakisha fundi. Naliandika hili mwanzo kabisa kwa sababu kwa siku nyingi nilimlaumu kila mtu: fundi, shemeji yangu, watu wa barabara, hata mume wangu aliye Uarabuni. Wote wana makosa yao na nitayataja. Lakini aliyesimama pale Keroka akiangalia jua na kumwambia fundi afunge tairi aende zake ni mimi.

Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimetoka kwa mama yangu mzazi karibu na Masimba kuchukua gauni jeupe alilomshonea mtoto. Mtoto alikuwa na miezi mitano, na kesho yake, Sabato, angewekwa wakfu kanisani kwetu, huku upande wa Magwagwa. Nilikuwa nimemwacha nyumbani na mama mkwe, nikaahidi kurudi kabla ya saa tisa.

Kabla hata sijafika lami vizuri, lori la mawe likanijia katikati ya barabara kana kwamba limeinunua. Nikalikwepa, nikaingia shimo. Lilikuwa shimo la maji, halionyeshi kina. Gari lilipiga chini nikasikia meno yangu yakigongana. Niliposhuka nikaona ukingo wa rimu ya mbele kushoto umekunjika kama sufuria iliyoangushwa, na upepo unatoka taratibu, shii.

Hizo rimu ndizo mume wangu alizozipenda kuliko gari lenyewe. Ni rimu za spoti, za alumini, zina mikono mitano inayong'aa. Kabla hajasafiri alikuwa anaziosha kwa mswaki. Spea ilikuwepo zamani. Shemeji yangu aliichukua siku moja, ati kesho anarudisha. Hiyo kesho haijafika mpaka leo. Kwa hivyo sikuwa na la kufanya ila kuomba pampu dukani, kujaza, na kuendesha polepole mpaka Keroka huku nikisimama mara mbili kwenye maduka ya njiani kujaza tena.

Keroka yuko fundi anayenyoosha rimu. Ni mtu wa makamo, mpole, Msabato kama mimi. Kibanda chake kina fremu ya chuma aliyoitengeneza mwenyewe, jeki imelazwa ndani yake. Alilitoa tairi, akaipasha rimu moto kwa gesi mpaka akaridhika, akaisukuma na jeki kidogo kidogo huku akiizungusha na kuangalia kwa jicho moja. Alinieleza kwamba alumini si chuma cha kawaida. Chuma ukikipiga kinarudi, alumini ukiilazimisha inavunjika. Ukingo uliponyooka, ufa ukaonekana, mrefu kama kidole changu kidogo. Akauchimba kwa mashine, akauchomelea, akausugua kwa msasa, akapaka rangi ya fedha. Kusema kweli, ilipendeza. Hungejua imewahi kuguswa.

Lakini kazi ilimchukua mchana wote. Saa kumi na nusu matiti yalikuwa yamejaa, yananiuma, blauzi imelowa nikaifunika kwa leso. Mama mkwe alikuwa amenipigia simu mara tano. Mtoto alikuwa amekataa uji, analia. Na kwetu Ijumaa jua likizama hakuna kazi, hakuna safari ya ovyo. Nyumbani kwa baba mkwe, ambaye ni mzee wa kanisa, ikifika jioni hiyo chakula kimepikwa, maji yamechotwa, viatu vimepigwa rangi, watu wameoga. Mke wa mwana kuingia boma na gari Sabato imeshaanza ni maneno ya mwaka mzima.

Fundi naye alikuwa anaangalia jua. Pale kibandani ana pipa la maji. Kila rimu aliyochomelea huivalisha tairi, huijaza upepo, huizamisha ndani ya pipa na kuizungusha aone kama kuna mapovu. Halafu huiacha na upepo wake usiku kucha, asubuhi anapima. Hiyo ndiyo desturi yake na aliniambia mwenyewe. Akasema niiache, nirudi Jumapili asubuhi.

"Mtoto anawekwa wakfu kesho," nikamwambia. "Na sasa hivi ana njaa."

"Madam, sijaitia majini."

"Si umeichomelea?"

"Nimechomelea ule ninaouona."

Nikamwambia basi inatosha. Nikamwambia pia maneno ambayo nayaonea aibu, kwamba kama anaijali Sabato kweli asingenichelewesha mpaka saa hizo. Alifunga tairi, akajaza upepo, akakaza nati zote akiruka moja moja kama inavyotakiwa, akaanza kukusanya vyombo vyake. Rangi ilikuwa bado inashika kidole.

Nilifika nyumbani jua likigusa mlima. Nikamnyonyesha mtoto nimekaa kitandani na viatu miguuni. Nililala nikijiona mshindi.

Asubuhi nilitoka nje na kikombe cha chai, na kitu cha kwanza nilichoona ni gari limeinama upande mmoja. Halikuwa limelala kabisa, limeinama tu, kama mtu anayeumwa mguu. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limepoteza karibu nusu ya upepo.

Hapo nataka nieleweke vizuri: nilijua. Sikudhani, nilijua. Nikatembea mpaka kwa gurudumu nikaweka mkono juu ya ile rangi mpya, nikaona pale alipochomelea pako sawa. Basi upepo ulikuwa unatokea wapi? Fundi alikuwa ameniambia kwamba ametengeneza ule ufa aliouona.

Ningeweza kusema. Nilichofanya ni kuchukua pampu ya baiskeli nyuma ya jiko, nikapampu nimepiga magoti kwenye umande na nguo ya kanisani, nikigeuka kila mara kuona kama baba mkwe ametoka. Mwenye kibanda cha pancha sokoni ni Msabato, wa pili pia. Siku hiyo hakuna mtu hapo kwetu angeshika spana. Lakini bodaboda zilikuwepo. Sikuziita. Nilitaka tufike kanisani na gari. Nilitaka wale mama waliokuwa wakisema mume wangu ameniacha waone zile rimu zinang'aa zote nne. Haya, nimesema.

Nieleze tulivyokaa. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, hawaangaliani machoni wakijibizana. Tunaita chinsoni, ni heshima, na mimi nimelelewa nayo. Kwa hivyo baba mkwe alikaa nyuma peke yake na Biblia yake, na mama mkwe akakaa mbele, kushoto, na mtoto mapajani. Nilipofunga mlango wao niliona gurudumu liko chini yao moja kwa moja. Mguu wa mtoto ulikuwa ukining'inia na soksi yake nyeupe.

Kanisa liko ng'ambo ya bonde. Barabara ni ya murram, haina lami, inashuka katikati ya majani chai mpaka mtoni, kuna daraja jembamba lisilo na kingo, kisha unapanda. Tulipokuwa tambarare sikusikia kitu. Mama mkwe alikuwa akivumisha wimbo puani. Tulipoanza kushuka nikasikia tik. Halafu kimya. Halafu tik tena. Nikapunguza mwendo, nayo ikapunguza. Ilikuwa inazunguka na gurudumu.

Nikajiambia ni kijiwe. Ni kijiwe kimeshika kwenye tairi. Usukani ukaanza kuvuta kushoto, kidogo tu, kama mtoto anayekuvuta nguo. Mikono yangu ililowa jasho mpaka ikawa inateleza. Nilikuwa naangalia barabara, naangalia soksi, naangalia barabara. Sasa haikuwa tik, ilikuwa tak, na nilianza kuisikia kwenye pedali chini ya mguu. Chini kule nikaona daraja, na maji ya mvua ya juzi, mekundu.

Nikasimama. Nikavuta breki ya mkono, na gari likateleza kidogo kabla ya kushika. Hicho kidogo sitakisahau.

"Siendi," nikasema.

Mama mkwe aliacha kuimba. Nyuma, baba mkwe alikohoa.

"Muulize kuna nini," akamwambia mkewe.

"Kuna nini?" mama mkwe akaniuliza, kana kwamba sijasikia.

Nikasema rimu inalia, haiko sawa, tushuke tutembee. Baba mkwe akasema, akimwambia mkewe, kwamba rimu imetengenezwa jana na fundi, kwamba mchungaji ana makanisa mengine matatu na hangoji mtu, kwamba bonde ni hili moja tu. "Mwambie twende."

"Baba yako anasema twende."

"Nimesikia, Mama. Siendi."

Mama mkwe alinigeukia sasa na mwili wote. Yeye ni mwanamke wa maneno, na siku nyingine ananichekesha. "Wewe ulisoma mpaka fomu foo, ukafundishwa na gari, ili uje uogope gurudumu? Sisi tulizaa watoto tukaenda kanisani na miguu, hatukuogopa hata mamba."

"Huu mto hauna mamba."

"Ndiyo maana nakushangaa."

Sikucheka. Nilishuka, nikazunguka, nikafungua mlango wake, nikamtoa mtoto mapajani mwake bila kuomba ruhusa. Nilimvuta. Mama mkwe alishika gauni, mimi nikashika mtoto, na kwa muda mfupi tulikuwa tunamgombania pale barabarani kama watu wasio na akili. Mshono wa begani ukaachia. Mtoto akaanza kulia, na mimi nikawa nalia, lakini kwa hasira, na nikasema kitu ambacho mke wa mwana hasemi mbele ya baba mkwe. Nilisema, "Kama mnataka kufa, endesheni wenyewe."

Mlango wa nyuma ukafunguka. Baba mkwe alishuka na Biblia yake, akafunga mlango polepole sana, akaanza kutembea kuelekea mtoni bila kutuangalia. Niliweka mawe chini ya magurudumu. Tukatembea, yeye mbele kabisa, mama mkwe katikati, mimi nyuma na mtoto.

Tulipofika, watoto wengine walikuwa wameshaombewa na mchungaji ameondoka. Mama fulani aliniuliza gari liko wapi. Nilikaa benchi la nyuma na mtoto mwenye gauni lililochanika, na sikusikia mahubiri hata neno moja. Nilianza kufikiri kwamba labda ni kijiwe kweli. Hofu ilikuwa bado iko pale pale, ila sasa ilikuwa imepata mwenzake: kwamba nimewaaibisha wazee wa watu kwa kijiwe.

Jumapili asubuhi niliitoa ile rimu mwenyewe pale barabarani, gari nikaliacha juu ya magogo, nikaipeleka Keroka kwa bodaboda. Fundi aliipokea. Aliijaza upepo, akaizamisha kwenye pipa, akaizungusha. Pale alipochomelea palikuwa pasafi. Akaigeuza upande wa ndani, ule usioonekana. Mapovu yakatoka kwa mstari, kuanzia ukingoni mpaka penye shina la mkono mmoja, mengi, madogo madogo, hayakomi.

Akalitoa tairi. Akaiweka rimu chini, akachukua nyundo, akaigonga mara moja, wala si kwa nguvu. Ikaachana vipande viwili.

Nilikaa chini kwenye mafuta na nguo zangu.

"Ijumaa nilikuambia," akasema.

"Mbona ukanipa?"

"Ulinikimbiza, madam. Na mimi nikataka kukimbizwa. Jua lilikuwa linaenda." Alifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. "Mtoto yuko?"

"Yuko."

Akaniuzia rimu ya chuma iliyotumika, nyeusi, mbaya, nzito. Nikaitaka hiyo hiyo. Vile vipande viwili nikavitia kwenye gunia nikarudi navyo.

Niliviweka uani. Nilitaka wavione, sitasema uongo, nilitaka wavione na waone haya. Mama mkwe alivitazama akiwa amembeba mtoto, akamhamishia begani upande mwingine, akaenda kumwita mzee.

Baba mkwe alitoka, nami nikarudi nyuma hatua kadhaa kama inavyopasa. Alichuchumaa. Aliokota kipande kimoja, akakishika na kile kingine, akajaribu kuvikutanisha, havikukaa. Alijaribu tena. Kisha akaviweka chini na akabaki akiviangalia.

"Mwambie," akamwambia mkewe, na sauti yake ilikuwa ndogo, "mwambie ni mimi niliyesema twende."

Mimi nilikuwa pale, karibu vya kutosha kusikia anavyopumua. Tangu Sabato nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo, na nilikuwa nimeshaandaa ya kwangu, makali. Nikayaacha.

"Mama," nikasema, "mwambie nililijaza tairi upepo asubuhi ile, kabla hamjaamka. Mwambie nilijua."

Mama mkwe alituangalia mmoja mmoja. Hakumwambia mtu yeyote kitu chochote. Alimshika mtoto kwa mikono yote miwili, akaingia naye ndani, na siku hiyo hakunipa mpaka mtoto mwenyewe aliponililia kwa njaa.