Doa Kwenye Kaptula ya Rajabu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nipo nyuma ya nyumba nafua kaptula ya kaka yangu Rajabu. Ndiyo kwanza tumehamia kijiji cha ujamaa, huku Handeni, nyumba zimepangwa mistari, na lambo tumelichimba wenyewe kwa majembe. Lambo hilo! Ng'ombe wanywe humo, sisi tuchote, jioni vijana waogelee. Kila mmoja na mlingoti wake mkavu wa mkonge, mwepesi kama pamba, anaukumbatia, anapiga miguu mpaka ng'ambo. Rajabu hakuwa na mpinzani. Nilivyokuwa naringa naye!

Basi, kaptula ina doa la damu, mbele. Nikamuuliza, umeumia? Akacheka.

"We mtoto wa kike hujui kitu. Nimeshakuwa mwanaume. Wenzangu wote wanakojoa hivi. Na usiseme, nitakosa mashindano na wale wa Korogwe."

Usicheke, ndivyo tulivyoamini. Mvulana akikojoa damu tunasema kakua, anapongezwa! Lakini nilimwona anavyokunja uso akitoka chooni. Nikaenda kwa shangazi, nikasema yote. Shangazi akaacha mchi kwenye kinu, akamfuata Rajabu lamboni, akamshika sikio mbele ya wenzake.

"Mwanaume wa wapi anayeingia mwezini? Hicho kichocho, bwege wewe! Kinakula kibofu, kinapanda kwenye figo."

"Shangazi, mashindano Jumamosi!"

"Jumamosi utakuwa zahanati."

Na kweli akawa huko. Akanitazama jicho hilo: "Mmbea mkubwa!" Hakunisemesha mpaka dawa zilipokwisha. Lakini mkojo ukasafika, maumivu yakaisha, na wale wenzake nao wakaenda mmoja mmoja, wanajificha kama wezi wa kuku.

Mwanangu, raha ya kuogelea naijua, sikukatazi. Ila maji yaliyosimama, yenye majani na konokono, usiingie, hata yang'ae vipi. Vijidudu vyake vinapenya hata ngozi isiyo na kidonda, wala hutasikia. Usikojoe majini wala kando yake, utawapelekea wenzako. Maji ya lambo ya kuogea yachemshe, au yalaze kwenye pipa siku mbili. Ukiwa ulishaingia, kapime mkojo, hata kama huumwi. Na ukimeza dawa kisha ukarudi mle mle, umeanza upya. Halafu usiogelee peke yako, mwanangu, uwe na mtu anayekuona, na mlingoti karibu. Na ukiona damu, sema! Usione haya.

Rajabu sasa yupo Kwamndolwa, babu wa wajukuu hata majina anayachanganya, na kula ugali bado ananishinda. Nikifika tu anapaza sauti: "Mmbea kaja, mpeni kiti!" Nami nakaa, nacheka.

Mungu akupe mwili mzima, mwanangu, na siku utakayoona aibu kusema, akupe mmbea anayekupenda.