Vidole vya Ponsiano

Ponsiano alikuwa hatulii. Alikaa kwenye benchi, akainuka, akaenda mlangoni pa karakana yake pale Kewanja kutazama kama nesi Honoratha anakuja, kisha akarudi kukizunguka kile kitanda cha mtoto. Nesi alikiagiza kwa ajili ya zahanati, baada ya kitanda cha zamani kumchoma mtoto mchanga kibanzi cha mbao pajani. Sharti lake lilikuwa moja tu: "Fundi, kiwe laini. Mtoto wa jana hana ngozi ya kujaribia."

Sasa, ulaini wa mbao haupimwi kwa macho. Unafumba macho, unapitisha ncha za vidole polepole kufuata nyuzi za mbao, halafu unazikatiza, na palipobaki kukwaruza vidole vinasimama vyenyewe. Ponsiano alisifika kwa hilo. Kumbe vidole vyenyewe vilishakufa ganzi. Alipotoka Mbinga kuja kutafuta dhahabu, miaka mingi alishika mashine ya kutoboa mwamba shimoni, ikamtetemesha mikono hata usingizini. Dhahabu hakuipata, akarudia useremala wa kwao, na ganzi ikamfuata huko kimyakimya, kidole kimoja baada ya kingine. Hakumwambia mtu. Fundi asiyehisi mbao, nani atampa kazi?

Basi akawa anapima kwa shavu. Kila asubuhi alinyoa ndevu, na akishapiga msasa aliinama akalaza shavu juu ya ubao. Salvatori, mwenye duka la jirani, alimwona akacheka.

"Fundi, siku hizi unabusu mbao?"

"Nanusa kama imekauka," alijibu, huku aibu ikimchoma.

Lakini shavu haliingii katikati ya fito za kitanda. Kwa woga akazidi kusugua. Fito moja aliisugua hadi ikawa nyembamba, ikamvunjikia mkononi. Akachonga nyingine, akaanza upya, na nesi alisema angepita leo hiihii.

Mkewe Nyangi alikuja na uji, akakuta fito iliyovunjika chini. Aliitazama, akamtazama na mumewe. Akaweka kidole kwenye fito ya pembeni.

"Baba Teddy, hapa panakwaruza."

Ponsiano akapitisha vidole haraka. "Kweli, nimepahisi. Nitaparudia."

"Hapo ni laini," Nyangi alisema. "Nimekutega tu."

Ponsiano alitamani ardhi ipasuke immeze. Alishika randa, akaiweka chini, akashika msasa, akauweka chini.

"Tangu lini?" Nyangi aliuliza.

"Tangu mavuno ya mwaka jana."

Nyangi akaitwaa mikono yake yote miwili. "Na mimi ukinishika?"

Hilo ndilo swali ambalo Ponsiano alikuwa akilikimbia muda wote huo, kuliko hata ukaguzi wa nesi.

"Joto nalihisi," alisema. "Mengine nakumbuka."

Nyangi akapangusa viganja kwenye kitenge, akafumba macho, akaingiza mkono katikati ya fito na kuanza kuupitisha polepole, kama alivyomwona mumewe akifanya miaka yote. Mkono ukasimama.

"Hapa," alisema. "Safari hii sikutegi."

Ponsiano alichukua msasa, machozi yakimlengalenga, akasugua pale alipoonyeshwa.