Mpima Pia za Magoti

Sijui mnanichokonolea nini na habari za mpima magoti, lakini haya, sikieni. Ana vidole vyembamba, na rula yake imefutika namba za mwanzo, basi huanzia tano. Kwenye picha za eksirei pale hospitali hupima pia ya goti, kisha kano iliyo chini yake, mara tatu, akinong'ona, ajue kama pia imekaa mahali pake. Siku mjukuu wangu alipopimwa goti, daktari mpasuaji alisimama mlangoni.

“Andika pia imepanda, kaka, tumpasue.”

Mpimaji hakuinua macho. “Goti halikukunjwa wakati wa kupigwa picha. Picha irudiwe.”

“Unatuchelewesha.”

“Mwenye haraka apime mwenyewe.”

Picha ikarudiwa, akapima mara tatu. Pia ilikuwa mahali pake, mtoto hakupasuliwa. Nami nilishamnunia kwa kutuweka tukingoja. Wewe unayesoma, ukipita pale niombee radhi, mimi siendi.