Wino wa Biki

Siku ya uchaguzi nyumbani Kenya niliamka Jeddah, mtaa wa Aziziya, nikaoga na kuvaa kama mtu anayetoka. Sikuwa na pa kwenda. Mwaka ule sisi wa Saudia hatukuwekewa kituo cha kupigia kura. Wiki moja kabla nilikuwa nimempigia simu Mkenya mwenzangu, mhasibu aliyeko Riyadh, nikidhani huenda huko kipo. Alicheka. "Dada, fanya kazi yako. Hata wakiniletea sanduku hapa sebuleni, sipigi."

Kabla ya kusafiri niliwahi kuwa karani wa uchaguzi mara mbili, kazi yangu kuwapaka watu wino kidoleni. Sijawahi kupenda kazi nyingine kama nilivyoipenda ile. Akina mama walikuwa wananinyooshea vidole vilivyokauka kwa jembe, wengine wameanza foleni kabla jua halijachomoza.

Basi nikampigia mdogo wangu wa kike.

"Umeshaenda?"

"Kufanya nini? Wote ni wale wale. Wakishaingia wanatusahau."

"Nenda kwa ajili yangu. Mimi siwezi."

"Sawa, dada. Nitaenda."

Mchana nilikuwa namlisha Hajja, mama mzazi wa bosi, picha ilipoingia kwenye simu. Kidole cha mdogo wangu, cheusi nchani. Nikaikuza. Wino wa kura hutambaa ukaingia pembeni mwa ukucha na kuing'ang'ania ngozi. Huu ulikuwa mistari ya kalamu ya biki, imechorwa huku na huku, na ukucha wenyewe safi kabisa.

Nikamwandikia, "Asante sana."

Hajja aliniona nafuta macho, akaniuliza kuna nini. Kwa Kiarabu changu cha jikoni nikamwambia leo kwetu wanachagua rais.

Akatafuna polepole. "Huyo mtakayemchagua, atakurudisha kwa mama yako?"

"Hapana, Hajja."

"Basi kula," akasema, akanisogezea sahani yake.

Matokeo niliyafuatilia kwa siku kadhaa katika chumba cha kufulia. Niliyemtaka alishindwa. Nilikaa na habari ile mdomoni, nikikunja mashuka, nisijue nimwambie nani. Madam, mke wa bosi, aliingia, akahesabu taulo, akatoka.

Mdogo wangu alikiri mwenyewe miezi mingi baadaye, tukiongea mambo mengine kabisa.

"Dada, siku ile sikupiga kura. Nilijipaka biki."

"Nilijua."

"Ulijua? Mbona hukunigombeza?"

Nilisikia kuku wa mama nyuma yake, na mtu akiburuta ndoo uani.

"Ningekugombeza ungekata simu," nikamwambia. "Na siku ile hakuna mwingine aliyenitafuta."

Hakukata simu, na mimi sikukata.