Picha ya Kurasa Mbili

Mji wetu wa St. Louis una ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ni Maonyesho ya Dunia ya 1904. Kila Krismasi hakikosi kitabu kipya cha picha: majumba meupe, mabwawa, mabibi wenye kofia pana. Odessa Tolliver, jirani yangu, aliyepika miaka mingi katika jiko la shule, alivinunua vyote. Mabibi hawakumhusu. Alishika kioo cha kukuzia akimtafuta babu yake Leander, fundi aliyeyapiga lipu majumba hayo. Hakumpata hata mara moja. Mtu mweusi akitokea humo, basi ni yule aliyeletwa kutoka mbali kutazamwa kama mnyama.

Picha ya Leander ilikuwa moja tu duniani, ukutani kwa Bi Verlene, mama yake Odessa, bibi wa miaka themanini na tisa aliyebakiwa na jicho moja. Leander yuko juu ya ngazi, katikati kabisa ya jumba, ndoo mkononi, anacheka.

Maonyesho yalipotimiza miaka mia, mwandishi mmoja, Bwana Haas, akaja maktaba ya mtaani kwetu kuazima picha za familia. Safari hii, alisema, kitabu kitakuwa cha watu wote. Odessa akaenda kuitoa picha ukutani.

"Iache hapo," Bi Verlene alisema. "Baba alilipiga lipu lile jumba mpaka juu, akaenda kununua glasi ya maji mgahawani, wakamwambia hawawauzii weusi. Leo wanamtakia nini?"

"Mama, si ndiyo wamwone sasa! Atakuwa kitabuni, na wewe utamwona ungali hai."

"Mimi namwona hapa kila siku."

"Unaona ukuta, Mama. Jicho lenyewe ndilo hilo."

"Haya. Asiyesikia la mkuu..." Hakuimalizia. Alivuta blanketi miguuni, akageukia dirisha, na Odessa akaiondoa picha.

Siku ya uzinduzi nilimpeleka Odessa kwa gari langu. Alivaa kofia yake ya Pasaka. Tukakifungua kitabu mle mle ukumbini, na kumbe picha imepewa kurasa mbili nzima! Nikampiga bega kwa furaha. Yeye akainamia katikati. Jumba limeenea kushoto na kulia, bendera zote zipo, hata bata wa bwawani wapo. Pale alipokuwa Leander ndipo kitabu kiliposhonwa. Upande mmoja ilitokeza ndoo na mkono ulioishika, upande wa pili kisigino.

"Bwana Haas, babu yangu yuko wapi?"

"Si huyo hapo, Bi Tolliver? Katikati. Tumempa nafasi kubwa kuliko picha zote."

"Hapo katikati mimi naona gundi."

"Kifungue zaidi kidogo."

"Nikifungua zaidi kitapasuka."

Yule mtu akacheka, akidhani ni mzaha. Odessa akadai picha yake yenyewe, ile aliyomwazima. Kicheko kikamkauka. Maji yaliingia chumba chake cha chini mvua zilipozidi, alisema, masanduku kadhaa yakaharibika, nayo picha ilikuwa humo, na alikuwa akitafuta namna ya kumwambia. Kisha akauliza kama angependa kitabu chake kitiwe saini. Nilitamani kumzaba kibao. Shukrani ya punda kweli ni mateke.

Nyumbani Bi Verlene alikuwa akitungoja mezani, amevaa mkufu wake wa kanisani. Odessa alikivunja kitabu mgongo juu ya goti, akakata nyuzi kwa kisu cha jikoni, akazipatanisha kurasa mbele ya mama yake. Katikati palibaki ukanda wa gundi, na uso haukuwamo upande wowote. Bi Verlene akasogeza kioo cha kukuzia taratibu juu ya kurasa, kikaenda, kikarudi, kikaenda tena. Mimi nilishindwa kumtazama Odessa.

"Ndoo naiona," bibi akasema. "Ndoo wameiacha."

Akaweka kioo chini, akanyoosha mkono.

"Haya, sasa nirudishie picha yangu."