Mama Amenipa Minazi Yake, Nami Nilitaka Kuondoka

Admin, nifichie jina, maana Kilindoni tunajuana mpaka kwa kikohozi. Nina miaka thelathini na tisa, nimeachika, sina mtoto. Naishi na mama katika nyumba aliyotuachia marehemu baba, mtaa wa zamani, ukuta mmoja na Wahindi wenye duka ambao tunapelekeana futari tangu sijazaliwa. Baba nimemuuguza humu mpaka mwisho. Watu walinisifu, lakini mimi nilishakufa ganzi, nilikuwa nafua mashuka, napika uji, nalala.

Kaka yangu anaishi Dar. Juzijuzi alikuja na mteja wa kununua nyumba yetu. Tangu wageni wa hifadhi ya bahari wawe wengi, kila mwenye kiwanja mjini anabishiwa hodi, na huyu anataka kujenga nyumba ya wageni. Sharti lake, minazi yote ya uani ikatwe, nazi isije ikamwangukia mtu kichwani. Warithi tulikubali kuuza, hata mama. Kaka akasema atamchukua mama akaishi kwake Mbagala.

Mimi nilikubali upesi kuliko wote, na sababu sikumwambia mtu. Kuna bwana wa kisiwa cha Juani, hapo ng'ambo, anaendesha boti za wageni, alifiwa na mkewe. Ameniposa kwa siri. Nilimwambia asubiri, siwezi kumwacha mama peke yake, na mama alishaapa hataishi kwa mwanawe, nyumba ya mkwe. Nyumba ikiuzwa, hana budi kwenda kwa kaka, nami nimefunguliwa.

Kaka alisahau jambo moja, Dar imemsahaulisha. Kwetu Mafia ardhi ina mwenyewe na mnazi una mwenyewe. Baba alipomwoa mama, mahari ilikuwa minazi ile. Siku mteja alipoleta watu wa msumeno, mama alijitanda kanga, akaketi barazani, akasema taratibu:

"Nyumba ni ya baba yenu, uzeni. Minazi ni mahari yangu, na nimempa huyu binti yangu. Muulizeni yeye."

Wote wakanigeukia. Nikasema sijui. Mteja aliondoka, atarudi baada ya Idi kusikia jibu langu.

Sasa kaka akinipigia simu ni kuniambia nimemharibia. Majirani nao wananipongeza kwamba nimesimama na mama. Sijasimama na mtu, nilisema tu sijui.

Jana tulikuwa jikoni, nakuna nazi, mama anachambua mchele. Akaniambia, "Mwanangu, kaka yako ana kwake, wewe huna. Nimekupa ili asikutoe mtu humu mpaka ufe."

Nikamjibu ahsante mama, nikaendelea kukuna. Sikulia wala sikukasirika, na hilo ndilo linalonitisha. Kitu pekee alichokuwa nacho duniani amenipa mimi, na kwangu kimekuwa kufuli.

Nikisema ikatwe, nitakata mahari ya mama naye anatazama, halafu apelekwe Mbagala akazeeke kwenye nyumba asiyoijua. Nikikataa, bwana wa Juani ataoa mwingine, wala sitamlaumu. Kumweleza mama ukweli nimejaribu mara nyingi, nikifungua mdomo namuuliza kama ameshakunywa dawa.

Ndugu zangu mnaosoma, hasa mlio na mama, niambieni niseme lipi. Kaka anasubiri neno langu, bwana anasubiri neno langu, na mama amelala usingizi mzuri kwa sababu anaamini ameniokoa.